Redio ya kisasa yenye sura ya zamani katika Beetle ya 1965: ifungweje na itumiweje?

SWALI: Shikamoo, fundi. Nimerithi kwa marehemu mjomba Volkswagen Beetle ya mwaka 1965 ambayo bado inatembea vizuri. Nimenunua redio mpya iliyotengenezwa kwa sura ya redio za zamani: ina vifundo viwili vya kuzungusha, vitufe vitano katikati, Bluetooth na sehemu ya USB. Fundi mmoja hapa Dodoma anasema ni lazima dashibodi ikatwe ili redio iingie. Mwingine anasema gari ni la volti 6 na redio ni ya volti 12, kwa hiyo nisahau. Nani yuko sahihi? Na ikishafungwa, niitumieje isimalize betri, na nifanye nini isikwaruze na kupoteza steshini ninapokwenda Kondoa? (Msomaji wa Area C, Dodoma)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mafundi wako wote wawili wameona kitu, lakini kila mmoja ameishia njiani. Dashibodi ya Beetle ya 1965 haihitaji kukatwa hata milimita moja kwa ajili ya redio ya aina uliyonunua, na volti 6 si sababu ya kuiacha redio hiyo ndani ya boksi. Kinachohitaji kubadilika ni mpangilio wa kazi. Watu wengi huanza na redio kisha wakaitafutia umeme, ilhali katika gari la umri huu umeme ndio unaoamua redio ikae wapi, ipige kwa sauti gani na idumu kwa muda gani. Kwa hiyo nitaanzia nyuma ya gari, ilipo betri, ndipo nije mbele kwenye vifundo.

Beetle za mwaka huo zilitoka kiwandani na mfumo wa volti 6, hasi ikiwa imefungwa kwenye bodi. Volkswagen ilianza kuleta volti 12 katika magari ya soko la Marekani ya modeli ya 1967, masoko mengine yakafuata, na Beetle ya 1200 ikaendelea kuuzwa na volti 6 kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Hata hivyo, gari lililokaa barabarani kwa miaka sitini limepita katika mikono mingi, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi haukuambii nani alibadilisha nini. Inua kiti cha nyuma uitazame betri yenyewe: yenye vyumba vitatu ni ya volti 6, yenye sita ni ya volti 12. Kisha thibitisha kwa mita ya umeme, na hakikisha kwamba waya mnene uliofungwa kwenye bodi ya gari unatoka upande wa hasi.

Ukiwa hapo chini ya kiti, usiondoke bila kuangalia jambo moja linalohusu maisha yako kuliko redio. Springi za kiti cha nyuma cha Beetle ni za chuma, na betri iko chini yake moja kwa moja. Kifuniko cha betri kikikosekana na mtu mzito akikaa nyuma, springi zinaweza kugusa vichwa vya betri, na majani au sponji ya kiti ikashika moto. Beetle nyingi zimeungua kwa sababu hiyo tu. Kama kifuniko cha awali kimepotea, tengeneza kingine cha plastiki ngumu au mpira mnene kabla hujaongeza waya wowote katika eneo hilo.

Sasa pima. Betri ya volti 6 iliyojaa na kupumzika usiku mzima husoma volti 6.3 au zaidi kidogo. Washa injini, ipandishe hadi mzunguko wa wastani, na mita isome kati ya volti 7.0 na 7.4. Ikisoma chini ya hapo, tatizo lako la kwanza si redio: angalia mkanda wa dinamo, kaboni zake, regulata inayodhibiti chaji, na hasa sehemu ambazo hasi inashikana na bodi. Katika Beetle kuna utepe wa waya unaounganisha giaboksi na bodi, na huo ukiwa umeoza au umelegea, kila kitu ndani ya gari hulalamika, kuanzia starta hadi taa. Uondoe, ukwangue chuma hadi king'ae pande zote mbili, uurudishe na kuupaka grisi. Katika volti 6, upotevu wa nusu volti ni mkubwa mara mbili kwa uwiano kuliko katika volti 12, na ndiyo maana magari haya husingiziwa ubovu ambao kwa kweli ni kutu.

Baada ya hapo tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo fundi wako wa pili alipaswa kufika badala ya kukukatisha tamaa. Dinamo ya gari lako, ikiwa nzima, hutoa takriban ampea 30 kwa volti 6, yaani wati 180. Usiku, taa kubwa mbili zikiwa chini hula wati 80. Taa za nyuma, za pembeni, za namba na za dashibodi zikijumlishwa ni wati 25 hivi. Koili ya plagi hula nyingine 20 hadi 25. Umeshafika karibu wati 130. Redio ya kisasa ikipigwa kwa sauti ya kawaida hula ampea 2 hadi 3 za volti 12, tuseme wati 36 kwa kadirio la juu. Ukiongeza kinachopotea katika kupandisha volti, unafika wati 40 na kidogo. Kwa maneno mengine, mchana una nafasi tele. Usiku unatosha kwa shida. Na usiku wa mvua, waipa ikifanya kazi na mguu ukiwa kwenye breki, umevuka uwezo wa dinamo na betri ndiyo inayolipia tofauti. Kumbuka pia kwamba dinamo, tofauti na alteneta, haitoi karibu chochote injini ikiwa imetulia. Foleni ya asubuhi ni mzigo wa betri peke yake.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, yaani mjini na safari za mara moja moja za mchana, nakushauri ubaki na volti 6 na kuipa redio kifaa chake cha kupandisha volti kutoka 6 hadi 12. Kubadilisha gari zima kuwa la volti 12 kunawezekana na kuna faida zake, lakini si kazi ya kufanya kwa sababu ya redio. Utabadilisha betri, dinamo na regulata, balbu zote, koili, rilei ya indiketa, honi, mota ya waipa au kuiwekea kizuizi, pamoja na choki ya umeme na valvu ndogo ya kabureta kama injini yako inazo. Starta ya zamani wengi huiacha, nayo huvumilia mradi isishikiliwe kwa muda mrefu. Nyaya za zamani hazina tatizo, kwa kuwa balbu yenye wati zilezile kwa volti 12 hupitisha nusu ya ampea. Anayesafiri usiku mara kwa mara kati ya Dodoma na Morogoro ningemwambia abadilishe. Wewe bado.

Wapo watakaokuambia kwamba kufunga kifaa cha kupandisha volti ni kuliharibia gari asili yake. Redio za valvu, zile taa za kioo za kabla ya transista, zilizofungwa katika magari ya volti 6 zilikuwa na kifaa kilichotetema na kuukatakata umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha hadi volti zaidi ya 200 zilizohitajiwa na valvu, na ule mvumo uliosikika kabla redio haijaanza kuongea ulitoka humo. Gari la mjomba wako linafanyiwa jambo ambalo wenzake wa zamani walifanyiwa, ila kwa transista.

Nunua konvata, yaani hicho kifaa cha kupandisha volti, inayoandikwa kuwa hutoa ampea 5 za mfululizo kwa volti 12, si ampea 5 za kilele, na iwe ya aina inayokubali hasi ya pamoja kati ya kuingia na kutoka. Ifunge karibu na betri bila kuiweka juu ya betri, kwa mfano katika shimo la mizigo nyuma ya kiti, kwenye chuma kinachoweza kunyonya joto lake. Sababu ya kuiweka huko ni kwamba upande wa volti 6 hupitisha ampea nyingi zaidi, kwa hiyo waya wake uwe mfupi, na upande wa volti 12, ambao ampea zake ni nusu, ndio usafiri mrefu hadi kwenye dashibodi. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 upande wa betri, na fyuzi ya ampea 15 isiyokuwa mbali na kichwa cha betri zaidi ya kiganja kimoja. Fyuzi iliyowekwa mbele kwenye dashibodi hailindi waya unaopita chini ya kapeti.

Konvata isiachwe ikiwaka wakati wote. Yenyewe hula umeme hata redio ikiwa imezimwa, na mara nyingine hula zaidi ya kumbukumbu ya redio. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 6 inayoamshwa na waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, ili ukizima gari konvata nayo ife. Redio yako ina waya wa njano unaotaka umeme wa kudumu kwa ajili ya saa na kumbukumbu, na waya mwekundu unaofuata ufunguo. Katika gari lako uunganishe wote wawili kwenye volti 12 za konvata. Baadhi ya redio hutunza steshini hata zikikosa umeme, nyingine hupoteza. Kwa vyovyote, saa utaipoteza, na mimi naona hasara hiyo ni ndogo. Piga hesabu mwenyewe: kifaa kinachokula miliampea 10 tu humaliza zaidi ya ampea-saa 7 kwa mwezi, na gari la kumbukumbu hukaa wiki nyingi chini ya turubai.

Niwageukie kidogo wenye Land Rover za Series II na za mwanzo za IIA, ambazo mkoani kwetu bado zipo kwenye yadi za misheni na za wakulima, kwa sababu wao wana hatari tofauti. Nyingi kati ya hizo zilifungwa chanya kwenye bodi hadi miaka ya 1960 ilipokaribia kuisha. Redio ya kisasa ina boksi la chuma lililounganishwa na hasi, kwa hiyo ikigusa dashibodi ya gari la namna hiyo ni shoti ya moja kwa moja. Huko ni lazima kugeuza betri, kuipa dinamo mwelekeo mpya kwa kugusisha waya kutoka kwenye chanya ya betri kwenye ncha yake iliyoandikwa F kwa muda mfupi sana, na kubadilishana nyaya za koili na za ampmita. Kazi ni ya saa chache, ila isifanywe kwa kubahatisha.

Turudi kwenye dashibodi. Mjadala wa kukata hutokana na redio za kawaida za siku hizi, ambazo hudai tundu la mstatili la milimita 182 kwa 53. Tundu hilo likikatwa kwenye chuma cha dashibodi ya 1965, halirudi, na thamani ya gari hushuka siku hiyohiyo. Redio yako haikutengenezwa kwa tundu hilo. Imetengenezwa kwa umbo la zamani: tundu dogo la mstatili katikati kwa ajili ya uso, na tundu la mviringo kila upande kwa ajili ya kifundo. Beetle yako ina nafasi hiyo tayari katikati ya dashibodi, ama imejazwa na redio ya zamani, ama imefunikwa na kipande cha kiwandani. Kiondoe taratibu, ukihifadhi pamoja na skrubu zake.

Redio nzuri za aina hii huwa na vishikizo vya vifundo vinavyoweza kusogezwa kushoto, kulia, mbele na nyuma, na ndiyo siri ya kuingia kwenye dashibodi za magari tofauti. Pima umbali kati ya katikati ya tundu moja na jingine, ulegeze vishikizo vilingane nao, kisha uijaribu redio kwa nyuma kabla ya kukaza chochote. Nyuma ya dashibodi ya Beetle kuna nafasi ya kutosha, na unaifikia kwa kufungua boneti ya mbele na kuondoa ubao mwembamba unaofunika nyaya. Usiitundike redio kwa nati za vifundo peke yake: ongeza kipande cha bati chenye matundu kinachoishika kwa nyuma, kwani mitikisiko ya barabara za vumbi hupasua chuma laini cha uso.

Hapa nina onyo la pili. Tangi la petroli la gari lako liko palepale mbele chini ya boneti, na mdomo wake wa kujazia uko ndani. Kabla ya kushika waya wowote upande huo, toa hasi ya betri. Usichomee risasi ukiwa umeinamia tangi. Viungo vya kuchomea vifanyie mezani, au tumia vibano vya kukaza kwa koleo. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma upewe mpira wa kuuzuia usichunwe.

Spika ndizo mahali ambapo redio nyingi mpya huuawa katika magari ya zamani. Redio ya enzi zile ilitoa waya mmoja kwenda kwenye spika, na upande wa pili wa spika ukafungwa kwenye bodi. Redio ya kisasa haikubali hilo kabisa. Kila spika ina nyaya zake mbili, na hakuna hata mmoja kati yake unaopaswa kugusa bodi wala kuunganishwa na wa spika nyingine. Kosa hilo huunguza amplifaya ya ndani. Kwa kawaida waya mweupe na mweupe wenye mstari mweusi ni wa spika ya mbele kushoto, wa kijivu ni mbele kulia, wa kijani ni nyuma kushoto na wa zambarau ni nyuma kulia, ule wenye mstari mweusi ukiwa ndio hasi. Soma karatasi ya redio yako uhakikishe.

Kwa nafasi ya spika ya dashibodi, iko spika moja yenye koili mbili ndani, inayopokea kushoto na kulia bila kuchanganya nyaya, na kwa Beetle ninaiona kuwa chaguo la kistaarabu kuliko zote. Ukitaka zaidi, weka mbili za omu 4 ndani ya kiboksi nyuma ya kiti, pasipo kutoboa milango. Wati zilizoandikwa kwenye boksi la redio, hizo za 4 mara 45, ni za kilele cha kufumba na kufumbua. Konvata yako ya ampea 5 inatoa wati 60 kwa jumla, nazo zinatosha kusikika juu ya mlio wa injini ile kwa mwendo wa kilometa 80.

Antena iwe ya chuma, ndefu, ifungwe mbele. Injini yako iko nyuma, na hiyo ni bahati ambayo wenye magari mengine hawana, kwa sababu makelele ya plagi yanakuwa mbali. Kwa FM urefu unaofaa ni sentimita 75 hivi, robo ya wimbi la megahezi 100. Antena fupi za kufichwa zenye amplifaya ndogo huonekana safi, lakini nje ya mji zinakuza makelele pamoja na sauti. Chini ya shina la antena kwangua rangi hadi chuma kionekane, ili ganda la nje la waya wake lishike bodi sawasawa. Nusu ya malalamiko ya redio kukwaruza huishia hapo.

Yaliyobaki, sikiliza kabla ya kununua kizuizi chochote. Zima injini, rudisha ufunguo bila kupiga starta, washa redio: kama inaunguruma tayari, mkosaji ni konvata au waya wake umepita sambamba na wa antena, kwa hiyo uhamishie upande mwingine wa gari. Washa injini: mkwaruzo wa kukatikakatika unaoongezeka ukikanyaga mafuta hutoka kwenye plagi na distributa, na dawa yake ni vifuniko vya plagi vyenye kizuizi ndani, ambavyo Beetle ilikuwa navyo tangu kiwandani lakini wengi wamevibadilisha kwa vya bei rahisi. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini ni wa dinamo. Funga kondensa ya mikrofaradi 0.5 kati ya ncha yake ya kutolea umeme na bodi. Usiifunge kamwe kwenye ncha iliyoandikwa DF, kwani itachoma platini za regulata. Kisha chomoa waya wa antena nyuma ya redio: makelele yakitoweka yalikuwa yanapita hewani, yakibaki yanapita kwenye nyaya za umeme. Jaribio hilo moja huokoa fedha nyingi.

Redio ikishawaka, jambo la kwanza kufanya, kabla hata ya kutafuta steshini, ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua eneo. Redio hizi nyingi hulenga soko la Marekani, na humo FM huruka kwa hatua za megahezi 0.2, hivyo hutua kwenye desimali za namba witiri tu. Steshini iliyo kwenye 98.4 ataipita mtu juu na chini bila kuipata vizuri. Kwenye AM Wamarekani huenda kwa kilohezi 10, sisi na Ulaya kwa 9, na masafa kama 603 hayawezi kufikiwa kwa hatua za 10. Chagua EUR au Ulaya. (Wenye magari yaliyotoka Japani wanajua adha nyingine, ya redio inayoishia megahezi 90 huku steshini nyingi zikiwa juu ya hapo, yako haina tatizo hilo.) Kama muuzaji alikutoza zaidi kwa ajili ya DAB, yaani redio ya kidijitali, hilo limeshapita, steshini unazozisikiliza Dodoma, iwe TBC Taifa au Mwangaza, unazipata kwa FM.

Zima pia AF na TA. Hizo ni huduma za RDS, taarifa zinazotumwa pamoja na mawimbi ya FM, zinazoifanya redio irukeruke kutafuta masafa mengine ya steshini ileile au taarifa za barabarani, na pasipokuwa na mtandao wa kuziitikia utasikia sauti ikikatika bila sababu.

Sasa Kondoa. FM husafiri karibu kwa mstari wa macho. Haipindi nyuma ya kilima. Ukitoka Dodoma kuelekea kaskazini, tambarare hukubeba hadi upite Mayamaya, kisha ardhi inaanza kupanda na kukunjana kuelekea nyanda za Irangi, na hapo hata redio ya bei kubwa kiasi gani haiwezi kupokea kisichofika. Unachoweza kufanya ni kuchelewesha kupotea. Weka kipokezi kwenye DX badala ya LOC, ili kikubali mawimbi dhaifu, na steshini ikianza kuchemka badilisha kutoka stirio kwenda mono. Stirio ya FM huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi, na kwenye mpaka wa mapokezi mono huondoa sehemu kubwa ya mchemko huo. Katika Beetle yenye spika moja ya dashibodi hutapoteza chochote, hata ukiiacha mono mwaka mzima.

Redio yako ina vitufe vitano, lakini vina benki zaidi ya moja: FM1, FM2 na FM3. Steshini zenye mtandao wa kitaifa hutumia masafa tofauti katika kila eneo, kwa hiyo usizichanganye. Hifadhi za Dodoma mjini kwenye FM1, za Kondoa na Babati kwenye FM2, na FM3 iache kwa upande wa Gairo na Morogoro. Unazihifadhi ukiwa umesimama katika eneo husika, kwa kubonyeza kitufe na kukishikilia hadi redio iitikie. Baada ya hapo, kuhama kutoka mji hadi mji ni kubonyeza benki tu, na macho yako yanabaki barabarani.

Sehemu ya kati, isiyokuwa na steshini, ijazie kwa USB. Tumia flashi ndogo iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, yenye faili za MP3. Flashi kubwa sana redio nyingi hazizisomi au huchukua dakika nzima kuzifungua. Kama waya wa USB unatokea nyuma ya redio, upeleke ndani ya kisanduku cha dashibodi, ambako vumbi letu halitaufikia kirahisi. Simu usiichajie kwenye redio usiku, kwa sababu ya hesabu ile ya wati. Bluetooth itumie kwa muziki. Kwa mazungumzo ya simu maikrofoni yake hainasi kitu cha maana ndani ya kelele ya Beetle, na ni afadhali kusimama pembeni.

Jua la mchana likiwa limechoma dashibodi kwa saa kadhaa, kioo cha redio kinaweza kuonyesha weusi au kuchelewa kubadilika. Hakijafa. Fungua vioo, endesha dakika chache, ndipo uiwashe. Na unapopaki kwa muda mrefu weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele. Ukiwasha gari, subiri injini ishike na taa nyekundu ya dinamo izimike kabla ya kuwasha redio, na kabla ya kuzima injini zima redio kwanza, kwa sababu starta ikivuta umeme volti 6 hushuka hadi 5 au chini yake, na konvata nyingi hujizima na kujiwasha ovyo katika hali hiyo.

Mwombe fundi atakayeifunga akuchoree kwenye karatasi njia ya kila waya, rangi yake na mahali fyuzi na rilei zilipo, na umlipe kwa kuchora huko kama sehemu ya kazi. Akikataa kuchora, au akishika msumeno kabla ya mita, mpelekee gari fundi mwingine.